Hesabuni Kabla Hamjavunja: Barua ya Wazi kwa Madiwani wa Ngorongoro na Karatu

Waheshimiwa Madiwani,

Kiangazi kilichopita nilikwenda Olbalbal kumsalimia shangazi yangu. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, ameinamia kibao cha kijivu chenye mabonde mabonde kama bati, urefu wake hatua moja hivi, kimeegemezwa kwenye miiba ya zizi la ndama. Alikuwa anasugulia sufuria juu yake kwa majivu na mchanga. Kila akivuta mkono, ukingo wa kibao ulikwanguka kidogo, na pale ulipokwanguka zilichomoza nyuzi nyeupe, laini kama manyoya ya kifaranga cha siku moja. Upepo wa alasiri wa kwetu mnaufahamu, hausubiri mtu amalize kazi. Ulizichukua zile nyuzi ukaenda nazo upande walikokuwa wanacheza wajukuu.

Nikamuuliza kitu hiki amekipata wapi. Akasema kijana wa jirani alimletea juu ya lori la mahindi, kutoka upande wa Karatu, ambako paa la shule moja lilikuwa linavuliwa. "Kizuri sana, mwanangu," akaniambia. "Hakishiki kutu, hakiozi, na mchwa hawakiwezi." Nilipomwomba aache kukitumia, alinitazama kama mtu aliyekuja kumdai ng'ombe.

Yote aliyoyasema ni kweli. Hakishiki kutu, hakiozi, hakiungui, mchwa hawakiwezi. Ndiyo maana dunia ilikinunua kwa karne nzima. Na ndiyo maana kikishaingia kifuani mwa mtu, mwili nao haukiwezi.

Kile ni kipande cha bati la asbesto. Nilikitambua kabla sijakikaribia, kwa sababu nililala chini ya mabati ya aina hiyo miaka saba.

Mimi ni mzaliwa wa Olbalbal, rika la Makaa, na nimefundisha shule za msingi hadi nilipostaafu. Bweni letu la utotoni lilikuwa katika shule ambayo sitaitaja, maana waliokuwa wakiiendesha walifanya kwa kadiri ya walichokijua. Sisi watoto wa maboma tulilipenda paa lile. Mvua ikinyesha halikupiga kelele kama bati la chuma, na jua la Januari likiwaka, chini yake palikuwa na ubaridi. Mabati yaliyovunjika yalirundikwa nyuma ya jiko, na rundo hilo ndilo lilikuwa uwanja wetu wa michezo. Tulimega vipande tukavifanya chaki. Tulivisaga tukapata unga wa kuchorea mistari ya uwanja wa mpira. Lakini starehe kubwa ilikuwa ya Jumamosi jioni: unatupa kipande motoni, unakimbia, unajibanza nyuma ya mti, unahesabu. Kinalipuka kama bunduki. Unyevu uliojificha ndani ya saruji hugeuka mvuke ukakipasua. Majivu yanaturukia usoni, tunacheka, tunatupa kingine. Kesho yake asubuhi ni zamu ya usafi, tunafagia bweni kwa matawi makavu, na vumbi linasimama kwenye mwanga wa dirisha kama ukuta.

Sisimulii haya kutafuta wa kumlaumu. Nayasimulia kwa sababu tangu moto ule hadi leo imepita miaka arobaini na ushei, na maradhi ya asbesto huja kwa hesabu hiyo hiyo: miaka 20, 30, 40, pengine 50 tangu siku mtu alipovuta vumbi. Wenzangu wa bweni lile wako kwenye umri huo sasa. Baadhi yao mmewapigia kura kuwa wenyeviti wa vijiji.

Niruhusuni nieleze kidogo, maana mwalimu hata akistaafu haachi. Asbesto ni jiwe. Linachimbwa ardhini kama mawe mengine, ila lina nyuzi, unaweza kulichambua kama mkonge. Ziko aina sita. Nyeupe, iitwayo krisotili, ndiyo iliyotumika zaidi duniani. Ya bluu na ya kahawia zikafuata. Katika bati la saruji nyuzi hizo ni kama asilimia 10 hadi 15, kilichobaki ni saruji. Bati likiwa zima na halijaguswa, nyuzi zimefungwa humo. Likikatwa kwa msumeno, likitobolewa, likipondwa, likisuguliwa sufuria, au likizeeka likachubuka kwa jua na mvua, zinatoka. Uzi mmoja ni mwembamba mara mamia kuliko unywele. Hauonekani hewani, haukereketi koo, hauna harufu. Yale manyoya ya kifaranga niliyoyaona kwa shangazi ni mafungu ya nyuzi nyingi zilizoshikana. Zinazoua ni zile ambazo sikuziona.

Zikivutwa hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya hewa. Chembe za ulinzi za mwili hujaribu kuzimeza, zinashindwa kwa urefu wake, na mahali pa vita hivyo pasipoisha hubaki kovu. Makovu yakizidi, mapafu hukakamaa kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa bila kupakwa mafuta: huo ndio ugonjwa wa asbestosi. Wengine hupata saratani ya mapafu, na kwa mvuta sigara hatari hiyo huzidishwa maradufu na zaidi. Wengine hupata saratani ya koromeo la sauti, au ya ovari. Na wengine hupata mesothelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu, ambayo mara nyingi ikishagunduliwa mgonjwa huhesabu miezi.

Ushahidi wa haya ulitoka katika bara letu. Mwaka 1960, mwaka mmoja tu baada ya Mary Leakey kuokota fuvu la Zinjanthropus pale Oldupai, daktari wa maabara Christopher Wagner na wenzake wawili wa Afrika Kusini walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, karibu wote wakitoka maeneo ya migodi ya asbesto ya bluu kaskazini mwa Jimbo la Cape. Kilichowashtua madaktari ni kwamba wengi wa wagonjwa hao hawakuwa wachimbaji. Walikuwa watu waliokulia karibu na migodi, na baadhi yao utotoni walicheza kwenye vilima vya mabaki yake. Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza niliweka karatasi chini. Niliona rundo la nyuma ya jiko.

Miaka mitano baadaye, watafiti wa London walikuta wanawake waliougua ugonjwa huo huo bila kukanyaga kiwandani. Walichofanya ni kufua nguo za kazi za waume zao. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na habari ya asbesto, lakini sijaona mahali methali ile imetua sawasawa kama hapo.

Kwetu, kikohozi kirefu kina jina moja. Mzee mmoja wa ukoo wetu alikuwa fundi wa kuezeka, amepanda mapaa ya shule na zahanati kwa miaka. Alipoanza kukohoa na kuishiwa pumzi alipewa dawa za kifua kikuu. Makohozi yalipimwa, hayakuonyesha kitu, akamaliza dozi, akarudi vile vile, akapewa dozi ya pili. Sisemi asbesto ndiyo iliyomuua; picha ya kifua chake aliisoma mtu mmoja tu na faili halipo tena. Nasema kwamba katika safari zake zote za hospitali hakuna aliyemuuliza, "Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?" Swali hilo halina gharama. Waganga wa zahanati zenu wanaweza kuanza kuliuliza wiki ijayo.

Sasa nitoe na neno la kutuliza, maana najua barua ya namna hii inavyoweza kuzua taharuki, na taharuki ndiyo inayowafanya watu wapande juu ya paa na nyundo. Aliye chini ya paa zima la asbesto hana haja ya kukimbia nyumba usiku huu. Asilipande, asilitoboe, asilikwangue kuvu kwa brashi ya waya. Kuhusu mabomba ya zamani ya saruji na asbesto, na maji ya mvua ya kwenye mapaa hayo, Shirika la Afya Duniani halijaona ushahidi wa kutosha kwamba nyuzi hizo zikinywewa huleta madhara. Hatari iko kwenye pumzi. Kwa hiyo aliye hatarini zaidi ni yule fundi wa maji anayekata bomba kavu kwa msumeno ndani ya mtaro, kuliko mama anayekinga ndoo mwisho wa bomba hilo.

Kwa nini basi nawaandikia ninyi, nisimwandikie Waziri? Kwa sababu mapaa haya ni yenu. Shule za msingi na sekondari za serikali, zahanati, nyumba za walimu na waganga, vyote viko chini ya halmashauri. Mapaa yaliyoezekwa kabla ya miaka ya themanini kwisha yamechakaa kwa wakati mmoja, na kila fedha za ukarabati zikitoka, yanavuliwa. Anayetangaza zabuni ni halmashauri. Anayemlipa fundi ni halmashauri. Mabati ya zamani, hata yakiwa chakavu, ni mali ya halmashauri mpaka yafutwe kwenye vitabu.

Na kazi ile mnajua inavyofanyika. Vijana wawili wamekaa juu ya kenchi, mmoja ana nyundo na mwingine ana mtaimbo. Misumari imeshika kutu, nani atahangaika kuifungua? Wanagonga, bati linapasuka, linatupwa chini, linapasuka tena. Vumbi linawapaka nyusi nyeupe kama wazee. Jioni wanajipangusa kwa shati lile lile na kwenda nalo nyumbani kwa wake zao. Kesho yake wanafunzi wa darasa la tano wanaokota vipande na kufagia. Vipande vizuri vinagawanywa: cha banda la kuku, cha choo, cha kufunika kisima, cha kusugulia sufuria Olbalbal. Vibovu vinamwagwa kwenye mashimo ya barabara, magari yanavisaga. Tenda imekamilika, mhandisi anasaini, bati jipya la rangi linang'aa, mgeni rasmi anakata utepe. Hakuna aliyekusudia ubaya katika mlolongo huo, ila katika siku mbili vumbi lililokuwa limelala miaka hamsini limegawiwa kata nzima.

Nitaje na gereji za Karatu, kwa kupita. Mji ule unaishi kwa magari ya watalii, na breki za magari yanayoshuka na kupanda kreta huisha upesi. Kwa miongo mingi breki na klachi zilitengenezwa kwa asbesto, na hata leo kipuri cha bei ya chini kisicho na maandishi ya maana hakikuambii kimetengenezwa kwa nini. Kijana anafungua tairi, anachukua kompresa, anapuliza ngoma ya breki, wingu jeusi linamfunika. Kitambaa kilicholoweshwa maji kingefanya kazi hiyo hiyo bila wingu. Bwana Afya wa mji akipita gereji moja moja kwa wiki mbili, somo limeisha.

Huko nje, dunia imeshatoa hukumu. Nchi zaidi ya 60 zimepiga marufuku asbesto ya kila aina. Uingereza, iliyoeneza mabati haya katika makoloni yake, ilifunga mlango mwaka 1999. Afrika Kusini, iliyokuwa ikichimba, ilipiga marufuku kwa kanuni za mwaka 2008. Kanada, iliyokuwa ikiuza krisotili kwa nchi maskini huku ikiiondoa kwenye majengo yake yenyewe, ilipiga marufuku mwaka 2018. Marekani ilipiga marufuku krisotili mwaka 2024. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeziweka aina zote, nyeupe ikiwemo, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na Shirika la Afya Duniani linasema njia ya uhakika ya kuyamaliza maradhi haya ni kuacha kuitumia kabisa.

Palipokwama ni kwenye Mkataba wa Rotterdam, ambao Tanzania ni mwanachama. Mkataba huo haupigi marufuku kitu. Unataka tu nchi inayouza kemikali hatari impe taarifa mnunuzi na kusubiri ridhaa yake. Aina tano za asbesto zimo kwenye orodha. Krisotili, ambayo ndiyo karibu yote inayouzwa, haimo, kwa sababu uamuzi unahitaji wote wakubali, na tangu mwaka 2006 kila mkutano unapokaa kunatokea nchi chache za kukataa. Urusi na Kazakhstan zimo, zinachimba. Zimbabwe, ndugu yetu wa SADC mwenye migodi ya Zvishavane, imekuwa upande huo pia. Mkutano wa 2025 ulikwisha kama iliyotangulia. Kwa maneno mengine, mpaka leo meli ikishusha bidhaa za krisotili bandarini, mkataba haumlazimishi aliyeipakia kutuambia kitu.

Ndiyo sababu naona kungoja marufuku kubwa ya kitaifa na kimataifa ndipo tuanze ni kujidanganya. Marufuku ya kuingiza ni jambo zuri, lakini haligusi hata bati moja lililokwisha kuezekwa. Tazameni Rwanda. Kabla ya kuvua, walihesabu. Walizunguka nchi nzima wakapima mapaa ya asbesto, wakapata zaidi ya mita za mraba 1,500,000, jengo kwa jengo, lipi la serikali, lipi la kanisa, lipi la mtu binafsi. Ndipo wakafundisha mafundi, wakatenga mahali pa kuzika, wakaanza. Haijawa rahisi, tarehe za mwisho zimesogezwa zaidi ya mara moja na wenye nyumba wamelalamikia gharama. Lakini wanajua kilichobaki ni kiasi gani. Kenya nayo iliiweka asbesto kwenye taka hatari katika kanuni zake za mwaka 2006, na mamlaka yake ya mazingira, NEMA, imeandika mwongozo wa namna ya kuivua na kuizika.

Sisi hatuanzii sifuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ina sehemu ya taka hatarishi, na kanuni zake zipo. Mkataba wa Basel, ambao tumo tangu miaka ya tisini, unaipa vumbi la asbesto namba yake, Y36. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi. Na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inawapa ninyi, Waheshimiwa, uwezo wa kutunga sheria ndogo. Mmetunga za ushuru wa mazao, za mifugo inayozurura, za vilabu vya pombe. Nyingine nzuri, nyingine mnajua wenyewe.

Ninachoomba kinaanza na daftari. Kila mtendaji wa kata aandike majengo ya umma yenye mabati au dari za asbesto katika kata yake: jengo gani, mita ngapi, zima au limechakaa, watoto wangapi wanakaa chini yake. Kazi hiyo haihitaji mfadhili, inahitaji pikipiki na wiki tatu. Bati la asbesto ni la kijivu, ni nene kuliko la chuma, halilii kama chuma ukiligonga kwa kidole; penye shaka, lihesabiwe kuwa ni la asbesto mpaka maabara iseme vinginevyo. Daftari hilo lipelekwe kwa baraza la mazingira, NEMC, na wakala wa usalama kazini, OSHA, pale Arusha, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kijiji. Mpaka liwe tayari, paa la aina hiyo lisivuliwe, na chakavu chake kisigawiwe wala kupigwa mnada, hata kikiombwa na kanisa au msikiti.

Mkishahesabu ndipo mtajua zabuni iandikwe vipi. Paa liloweshwe maji yenye sabuni kwanza. Misumari na boliti zifunguliwe, mabati yashushwe mazima kwa kamba, yafungwe nailoni nzito tabaka mbili, yaandikwe, yazikwe mahali palipotengwa na kuchorwa kwenye ramani, mbali na vyanzo vya maji. Fundi apewe barakoa ya kuzuia vumbi laini, si ile ya hospitali wala skafu, na ovaroli anayoiacha pale pale kazini. Jina lake liandikwe, ili miaka thelathini baadaye akikohoa ajulikane alifanya kazi gani. Shule iwe imefungwa. Najua mtasema hii inapandisha gharama ya kila paa. Inapandisha. Afadhali mvue mapaa mawili kwa mwaka kwa namna hiyo kuliko kumi kwa nyundo.

Kwa upande wetu wa hifadhi kuna wepesi ambao Karatu hawana. Vifaa vya ujenzi huingia Ngorongoro kwa kibali cha Mamlaka ya Hifadhi. Wengi wetu utaratibu huo umetuchosha, na nina maoni yangu juu yake ambayo si ya barua hii. Lakini maadamu upo, Baraza liiombe Mamlaka iongeze swali moja langoni Lodoare kwa kila lori lililobeba mabati ya mkono wa pili: ni ya chuma, au ni ya saruji?

Kabla sijamaliza kuna jambo la pili, ambalo si la mapaa. Ni la ardhi yetu yenyewe, na naomba lisomwe taratibu.

Nimesema asbesto ni jiwe lenye nyuzi. Lipo jiwe jingine la aina hiyo, erionaiti. Haliitwi asbesto na kwa kawaida halimo katika marufuku ya nchi zile 60, lakini tangu mwaka 1987 limewekwa katika kundi lile lile la kwanza la visababishi vya saratani. Lilijulikana kwa msiba wa vijiji vitatu vya Kapadokia nchini Uturuki: Karain, Tuzköy na Sarıhıdır. Katika miaka ya sabini daktari İzzettin Barış aligundua kwamba mesothelioma inawamaliza wanakijiji ambao hawajawahi kufanya kazi ya asbesto. Karibu nusu ya vifo vya vijiji hivyo vilitokana na ugonjwa huo. Chanzo kilikuwa mawe ya majivu ya volkano waliyojengea nyumba, na vumbi lake. Kilomita chache tu kutoka Karain kuna kijiji cha Karlık, ambacho mawe yake hayakuwa na erionaiti, na watu wake hawakuugua hivyo. Huko Marekani, katika jimbo la North Dakota, kokoto zenye erionaiti zilimwagwa kwenye mamia ya kilomita za barabara za vumbi kabla ya mtu kuuliza.

Erionaiti huzaliwa pale majivu ya volkano yanapoangukia ziwa la magadi na kukaa humo dahari. Hiyo ni historia ya Oldupai, neno kwa neno. Mtaalamu wa miamba Richard Hay, aliyetumia miaka mingi kwenye korongo lile na kuchapisha kitabu chake mwaka 1976, ameeleza jinsi majivu ya huko yalivyogeuka kuwa madini ya jamii hiyo, zeolaiti, ambayo si yote yenye nyuzi na si yote yenye madhara. Ziwa Magadi la Kenya lina erionaiti, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani linaitaja Tanzania miongoni mwa nchi ambako imeonekana. Na korongo la Oldupai linamwaga wapi? Linamwaga Olbalbal. Kila tone la mvua na kila punje ya tope inayotoka kule hutua kwenye bonde letu, hukauka, na Septemba hupanda juu na kutuingia.

Sisemi Olbalbal ni Karain. Kijiji cha Karlık kimetufundisha kwamba jibu linaweza kubadilika kwa mwendo wa saa moja kwa miguu, ndiyo maana linatafutwa kwa kipimo, halitafutwi kwa hofu. Tangu mwaka 2018 eneo letu lina hadhi ya UNESCO ya Jiopaki ya Ngorongoro Lengai, Karatu na Monduli zikiwemo. Wataalamu wa mawe wanakuja na kwenda. Taasisi ya Jiolojia iko Dodoma na ina maabara. Mifuko michache ya vumbi la Olbalbal na la machimbo ya kifusi inatosha kuanza. Na kifusi cha barabara kisichimbwe kwenye matabaka yale kabla majibu hayajarudi, awe anachimba wakala wa barabara, TARURA, au Mamlaka. Kama majibu yatakuwa safi, nitakuwa wa kwanza kusoma tangazo hilo kanisani.

Shangazi hatimaye alikubali. Hakushawishika na habari za Cape wala za Uturuki. Alikubali nilipomwahidi jiwe bapa la mtoni na sufuria mpya. Nilikimwagia maji kile kibao, nikakifunga kwa turubai la nailoni mara mbili, nikazungushia kamba, nikasubiri lori. Sasa kiko Karatu, nyuma ya nyumba yangu, chini ya mti wa mkufi, nimekiwekea mawe juu ili watoto wasikifungue. Nimeuliza ofisi mbili mahali pa kukipeleka. Moja iliniambia nikakitupe dampo, nyingine ikanicheka kidogo kwa heshima.

Waheshimiwa, ni kipande kimoja, kizito kama mbuzi mdogo, na nauli ya kukisafirisha ninayo. Naomba mniambie nikipeleke wapi.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Olbalbal

Nakala: Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, NEMC na OSHA, Kanda ya Kaskazini, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma